Erbaluce Chini ya Mabati

Siku ya kuondoa matanga ya Gaston, mume wangu, nyumba yetu ya Bel-Air ilijaa hadi watu wengine wakakaa kwenye ngazi za jikoni, sahani za bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo magotini. Mjukuu wetu mmoja, yule wa kazi ya hoteli, alileta chupa ya divai nyeupe akanimiminia kidogo. "Nkambo, hii haiko Fanta," akasema, na akina mama wakacheka. "Ulishaka kuonja divai, ao niite padri?" Nikamjibu kwamba niliwahi kujua zabibu moja, na hiyo moja nilijuana nayo vizuri. Walidhani uchungu wa msiba umenichanganya. Nikaishika ile glasi bila kunywa, nikasikia mkono wangu umekuwa baridi, kama ulivyokuwa baridi mwaka mzima ule ambao sasa hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kuukumbuka pamoja nami. Ndiyo maana ninauandika. Sitaanza na wazazi wangu wala kijiji walichotoka, hayo yana mahali pake. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, ndoa yetu ikiwa bado changa, tukiishi katika cité ya Waafrika huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, tukiogopa kuanzia mvua moja hadi mvua iliyofuata.

Ninyi vijana ngojeni niwaeleze kwanza, maana bila hili mtaona tulikuwa wajinga. Wakati ule sheria ilimkataza Mwafrika kunywa divai. Bia sawa, munkoyo wetu wa mahindi sawa, lakini divai ikikutwa nyumbani kwako ungeweza kupelekwa gerezani, na gerezani kulikuwa na fimbo. Kulikuwa pia na karte, kadi ambayo serikali ilimpa Mwafrika iliyemwona amestaarabika. Tuliambiwa kwamba mwenye karte ataweza kutembea katika mji wa Wazungu hata baada ya saa ya kukatazwa, ataweza kununua divai dukani, na, jambo lililozidi yote kwetu, hatapigwa fimbo. Gaston alikuwa amepigwa mara moja kabla sijamjua, kwa sababu alikutwa upande wa Wazungu akiwa amechelewa kutoka kazini kwa Wazungu haohao. Hakunisimulia. Niliuona mgongo wake wiki ya kwanza ya ndoa, nilipokuwa nikimmwagia maji ya kuoga. Niliendelea kummwagia maji, naye akajua nimeona. Tangu siku ile karte haikuwa karatasi machoni pangu. Ilikuwa shati ambalo nilitaka kuivika ngozi ile, upesi, kabla mtu mwingine hajaigusa.

Ili upewe karte, kamati ilikuja kuchungulia maisha yako, na ilikuja bila kutoa taarifa. Walifunua masufuria, walitazama mashuka, walimuuliza mke kama anakula meza moja na mumewe. Jirani yetu Mama Feliste alikuwa amekwisha kupitia hayo, na mumewe alinyimwa. Nakumbuka asubuhi alipotueleza sababu, kwenye bomba la maji, ndoo yake imejaa na inamwagika naye hajali, akiniita Ba Véro kwa heshima. "Balimupatia divai, Ba Véro! Mu glasi ya murefu hivi. Yeye akakunywa yote mara moja, puu, kama munkoyo ya ku shamba, akapangusa kinywa na mukono. Muzungu akasema: non!" Nikamuuliza kama alikuwapo. "Nilikuwa nyuma ya mulango. Masikio yangu haiombake ruhusa ku muntu." Wanawake wote wakacheka, mimi nikarudi nyumbani na ndoo nusu. Leo naona wazi kwamba habari ile haikuwa na kichwa wala miguu. Kamati gani ingemmiminia Mwafrika kinywaji ambacho sheria ileile inamkataza? Lakini mtu mwenye hofu hapimi habari, huimeza. Gaston, karani mwenye akili, anayejua kupiga mashine na kuandika Kifaransa bila kosa, alikaa mezani jioni ile mikono kichwani. "Véro," akaniambia, "tutajifunza divai wapi, na iko défendu?" Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta kitu kilichokatazwa ili tupate ruhusa ya kutokatazwa tena.

Mtu pekee tuliyeweza kumuuliza alikuwa Madame Rina, mjane wa fundi mwashi Mwitaliano, ambaye nilimshonea mapazia. Aliishi ukingoni mwa mji wa Wazungu, nyumba ya mwisho kabla ya uwanja mtupu uliotenganisha upande wao na wetu. Kiswahili chake alikipata kwa waashi wa mumewe, kwa hiyo kilikuwa kimejaa matofali na amri. Nilipomweleza shida yetu, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama, alifunga kwanza dirisha la upande wa barabara. Kisha akasema: "Glasi iko kazi ya mutoto. Hapana jua zabibu, hapana shika glasi. Njoo na bwana yako dimanche." Akaongeza kwamba hajui divai zote, asije mtu akamdai. Alijua zabibu moja ya kwao Piemonte, inaitwa Erbaluce, aliyoivusha bahari ikiwa vijiti. "Hapa hakuna mutu anajua. Hata ku Italia bengi hapana jua. Balipanda yote nyekundu."

Basi Jumapili baada ya misa tukaanza kwenda, na kila safari niliona barabara ile imekuwa ndefu kuliko safari iliyotangulia. Nyuma ya nyumba mumewe alikuwa amejenga dari la miti juu ya nguzo, refu kama banda, na mzabibu umetambaa juu yake. Dari hilo aliliita topia. Nilidhani ni la kivuli tu. Madame Rina akatuketisha chini yake, akatueleza kwa subira ambayo hata leo, ninapomfundisha mtoto kushona, najaribu kuiga. Erbaluce, alisema, si kama waridi. Ukikata tawi fupi karibu na shina, utaona majani mazuri na hutaona hata tunda, kwa sababu macho ya mti, yale yanayochipua, yakiwa karibu na shina ni vipofu. Matunda hutoka kwenye macho ya mbali. Kwa hiyo lazima uache matawi marefu, na matawi marefu yanataka mahali pa kulala, ndiyo topia. Mwaka uliotangulia mtu wa bustani alikuwa ameukata mzabibu kama waridi, kwa upendo kabisa, na hawakupata kitu. Halafu kulikuwa na shida ya mvua. Mti ule ulitaka kuivisha matunda Januari, wakati Katanga maji yanashuka kama ukuta, na yote yanaoza. Marehemu mumewe aligundua kwamba ukiukata mvua zinapokaribia kwisha, mti husahau kalenda yake, nayo matunda huja mwisho wa kiangazi. Tulimsaidia kukata mwaka ule. Gaston alipanda juu ya ngazi na makasi, mimi nikashika matawi, na kila baiskeli iliyopita barabarani ilimfanya asimamishe makasi hewani.

Baada ya kazi Madame Rina alitulisha. Chumba chake cha jikoni kilikuwa na meza moja ya mbao nzito, msalaba, picha ya mumewe akiwa amevaa kofia ya kazi, na harufu ya kahawa iliyoungua kidogo. Mara ya kwanza alimwaga mezani kitu cha njano kinachotoa moshi. "Polenta," akasema. Gaston akakionja, akanitazama. "Madame, hii iko bukari." "Iko polenta." "Iko bukari, Madame. Ulitia chumvi tu." Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akanyamaza ghafla na kusikiliza, kwa sababu jirani yake Mbelgiji alikuwa amefungua lango. Mzungu kula meza moja na sisi halikuwa kosa la gerezani, lakini lilikuwa neno la kusambazwa, na mjane hana wa kumtetea. Tulikaa kimya, vijiko mkononi, watu wazima watatu, hadi lango likafungwa. Nilitambua siku ile kwamba hofu yetu haikuwa ya rangi moja, ingawa yetu ilikuwa na fimbo ndani yake na yake haikuwa nayo.

Miezi ya baridi ilipofika tulijifunza kuonja. Alitupa punje moja moja, kila Jumapili, tangu zikiwa ngumu na kijani kama mawe ya mtoni. Uchachu wake ulipanda hadi masikioni. "Usikunje uso," nilimwambia Gaston, "kamati iko inaangaria." Akajilazimisha kutabasamu, machozi yakimtoka. Madame Rina alisema uchachu huo ndio uti wa mgongo wa Erbaluce. Sukari itakuja, itapanda juu ya uchachu kama mtu anayepanda punda, lakini punda hataondoka. Alitufundisha kutazama rangi. Upande wa kivuli punje hubaki kijani hafifu, upande wa jua hugeuka dhahabu, kisha kama kutu ya bati. Alitufundisha kubana ganda kati ya meno tuone lilivyo nene, maana unene huo ndio unaoiwezesha kukaushwa miezi bila kuoza. Na Jumapili moja, baada ya kufunga madirisha yote, alitoa chupa ya mwaka wa zamani, akatumiminia kijiko kimoja kila mmoja, kama dawa ya quinine. Sikuonja kitu. Naomba mniamini: ulimi wangu ulikuwa umekufa kwa woga. Nilihisi ubaridi ukishuka kooni, na nikawaza tu kwamba sasa divai iko ndani yangu, na kwamba mtu akininusa atajua. Njia yote ya kurudi tulitembea bila kusemezana ili tusifungue midomo.

Tulivuna Septemba ilipoanza. Kwao zabibu nzuri zaidi hukaushwa darini hadi zikunjamane, ndipo hukamuliwa divai tamu. Lakini mwaka ule paa la Madame Rina lilikuwa limeng'olewa ili liezekwe upya kabla ya mvua, na dari lake lilikuwa wazi kwa popo na vumbi. Alitutazama bila kuuliza. Mimi nilikuwa tayari kukataa. Gaston ndiye aliyesema tutazipeleka kwetu, chumba cha nyuma, chini ya mabati, kule kunakowaka kama tanuri. Njiani nilimshika mkono. "Gaston, juu ya nini unafanya vile?" Akanijibu kwa sauti yake ya ofisini: "Zabibu haiko divai, Véro. Sheria inasema divai. Na ule mama alitufundisha mwaka muzima." Nilimuuliza zabibu inakuwa divai siku gani, saa gani, nani anayejua. Hilo ndilo swali tuliloliogopa kuliko yote.

Tulitunga vichala kwenye nyuzi tukavining'iniza kwenye boriti. Kazi yangu ilikuwa kuvipitia asubuhi na jioni nikitoa punje zenye ukungu. Siku zikipita zilinywea, ganda likawa kama ngozi ya mzee, na nyumba ikaanza kunuka asali. Hapo ndipo nyuki walipokuja. Waliingia dirishani kwa msururu, kama watu waendao misa ya asubuhi. Niliziba dirisha kwa gunia, wakapita chini ya mabati. Watoto wa uani wakaja kusimama mlangoni na pua zao. Mama Feliste akaita kutoka kwake, ili barabara nzima isikie: "Ba Véro! Munafungula kanisa? Ao munaficha asali, na sisi tunakula samaki ya ndakala tu?" Nilicheka naye, nikaingia ndani, nikakaa sakafuni. Kila gari lililopunguza mwendo nilihesabu kuwa ni la kamati. Usiku nilimlaza Gaston upande wa ukuta, mgongo wake ukutani, kama kwamba ukuta ungeweza kumlinda.

Watu wa kamati walikuja Oktoba, siku ya joto kali hata kuku hawakutembea. Gaston alikuwa kazini. Walikuwa wawili: msimamizi wa cité, Mbelgiji mrefu mwenye soksi nyeupe, na bibi mmoja wa nyumba ya mafunzo ya wanawake. Niliwasalimu kwa Kifaransa nilichokuwa nimekikariri. Bibi akafunua masufuria, akatazama mashuka, akauliza kama tunakula pamoja, na mara zote nilijibu oui, Madame, mikono yangu nimeishika kwa nyuma isionekane. Walitosheka na chumba cha mbele, wakageuka kutoka. Ndipo nyuki mmoja akapita mbele ya uso wa msimamizi, akaelekea nyuma, na yeye akamfuata kwa macho, kisha kwa miguu.

Alisimama chini ya vichala vile. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto. "Hii iko nini, Mama?" "Matunda, Bwana." "Naona. Ya kufanya divai?" Sijui sauti ilitoka wapi. "Ya kula, Bwana." Akavunja kichala kimoja, kizima, akanipa. "Basi, kula."

Nikala. Nilisimama kati yao wawili nikala punje baada ya punje, na punje za Erbaluce iliyokauka nusu hazimezwi upesi, ganda lake linataka kutafunwa. Na kulikuwa na mbegu. Hapo nikapatwa na hofu ndani ya hofu: katika mwaka mzima, chini ya topia tulitema mbegu majanini kama watu wote, na hakuna aliyetuambia mtu mstaarabu hufanya nini na mbegu akiwa ndani ya nyumba mbele ya watu. Bibi alikuwa akinitazama mdomo. Nikazimeza zote. Na ajabu ni kwamba palepale ndipo nilipoionja kwa mara ya kwanza. Utamu ulikuja mbele, mzito, wa asali na wa tunda lililokaushwa juani, na nilipodhani umenifunika, ule uchachu ukainuka chini yake, safi, ukausimamisha. Nilielewa kila kitu Madame Rina alichokuwa akisema. Nilielewa punda na mpandaji wake. Nilielewa kwa nini mwanamke yule alivuka bahari na vijiti vya mti huu badala ya kitu cha maana. Machozi yakanitoka, na msimamizi akadhani ni ukali wa tunda. Akachuma punje moja, akatafuna, akatema mbegu kiganjani mwake. "Kali," akamwambia bibi kwa Kifaransa. Wakaaga.

Gaston aliporudi alinikuta nimelala chini. Nilimsimulia yote. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mbegu, ulitema ao ulimeza?" "Nilimeza." Akakaa chini kando yangu. "Bazungu banatemaka," akasema. "Ulimwona?" "Alitema mu mukono," nikamjibu. Akaweka kichwa chake kwenye paja langu, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikujua kama analia au anacheka mpaka nilipogusa uso wake, na hata baada ya kuugusa sikujua. Siku ileile tukazirudisha zabibu kwa Madame Rina chini ya nguo za kushona, na Mama Feliste akasema lazima nimewakosea kitu wageni, maana hawakunipa hata tone la divai.

Karte ilitoka mvua zikiwa zimeshika. Gaston aliisoma kwa sauti, akaiweka mfuko wa koti, akaitoa, akaisoma tena. Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa Madame Rina tukiwa tumevaa kama siku ya arusi. Yeye mwenyewe alikuwa amefungua madirisha yote ya upande wa barabara, kwa mara ya kwanza chupa ikiwa nje, na ameweka meza barazani, mahali pa kuonekana. Akamimina glasi tatu za Erbaluce. Divai ilikuwa na rangi ya majani makavu yenye jua ndani yake. "Leo somo ya glasi," akasema. "Shika ku muguu, Gaston. Polepole. Hakuna mutu anafukuza wewe." Gaston akaishika vizuri kabisa, akaiinua hadi kidevuni.

Ndipo tukasikia viatu. Askari mmoja wa doria, Mwafrika kama sisi, alikuwa akija kando ya barabara kwa mwendo wake wa kila siku, fimbo ikining'inia kiunoni. Hakutuangalia hata kidogo. Gaston akaiweka glasi nyuma ya chungu cha maua cha mezani, akasimama wima, mikono ubavuni, macho chini. "Kaa, Gaston," Madame Rina akasema taratibu. "Uko na karte." "Ndiyo, Madame," akajibu, na hakukaa. Niliona shati lake jeupe likilowa mgongoni, mahali palepale ninapopajua. Nikaweka glasi yangu, nikainuka, nikasimama kando yake. Madame Rina alitutazama kidogo, mmoja baada ya mwingine, kisha yeye naye akasukuma kiti nyuma, akasimama. Divai ikabaki mezani, haijaguswa, na sisi watatu tukangoja viatu vile vipite.